Saa za Binti

Hotuba ya Kamati ya Fedha na Mipango, iliyosomwa kwenye mkutano mkuu wa mwaka na harambee



Kila mwaka kamati yetu husimama hapa na kusoma jedwali. Tunasoma madawati, mnapiga makofi. Tunasoma matundu ya vyoo, mnapiga makofi. Tunasoma mabati ya nyumba ya mwalimu, mnapiga makofi, tunakaa. Mwaka huu kuna kifungu kimoja ambacho, kilipofika mbele ya kamati tendaji, kilituweka kwenye viti mpaka chai ikapoa. Kifungu hicho ni michezo ya wasichana. Mwenyekiti akaamua kwamba badala ya kukisoma tu, tukieleze, nanyi mkipime wenyewe kabla ya kutoa ahadi zenu.

Mzee wetu mmoja alisema, kwa nia njema kabisa, kwamba watoto bado wanakaa watatu watatu kwenye dawati, halafu sisi tunanunua mipira. Mama mmoja akauliza kama mipira hiyo haitakuwa sababu nyingine ya binti kuchelewa kurudi nyumbani. Na kijana mmoja, ambaye hatutamtaja kwa kuwa yuko humu ndani na mama mkwe wake, alisema michezo ya wasichana si mila yetu. Tutayajibu yote matatu, ila tutazunguka kidogo. Tutapitia Brazzaville na Iten kabla ya kurudi Nzega.

Mwezi Julai mwaka 1965 ilifanyika Brazzaville Michezo ya Afrika ya kwanza. Muungano wetu ulikuwa na mwaka mmoja na miezi michache. Kutoka kwenye michezo hiyo dada mmoja wa Kitanzania, Theresia Dismas, alirudi na medali ya fedha ya kurusha mkuki, akawa mwanamke wa kwanza wa Tanzania kupata medali ya kimataifa. Wengi wetu tukiulizwa habari za medali tunaanza na Filbert Bayi kule Christchurch mwaka 1974, tunamaliza na Bayi na Suleiman Nyambui kule Moscow mwaka 1980. Theresia alimtangulia Bayi kwa karibu miaka tisa, na humu ukumbini hatuna hakika kama mikono kumi ingenyooka kama tungeuliza ni nani.

Kwa watu wa hesabu kuna jambo la kutazamwa hapo. Mkuki wa wanawake una uzito wa gramu 600. Si gari, si bwawa la kuogelea. Mtoto wa Nzega anaweza kuanza kujifunza kwa fito iliyonyooka. Medali ya kwanza ya mwanamke wa nchi hii ilitokana na kifaa kimoja cha kushika mkononi. Kwa hiyo anayesema kwamba michezo ya wasichana ni ya watu wenye fedha atafute sababu nyingine.

Baada ya Theresia majina yapo. Mwinga Mwanjala na Nzaeli Kyomo walikwenda Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Banuelia Mrashani alishinda marathoni ya wanawake ya Tokyo mwaka 2002. Zakia Mrisho, mzaliwa wa Singida, jirani zetu kabisa, alimaliza wa sita duniani katika mita 5,000 kule Helsinki mwaka 2005. Magdalena Shauri alishika nafasi ya tatu Berlin mwaka 2023 kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 41. Hawa ni watu wa kuheshimiwa. Lakini ukiwatazama kwa mbali, kila jina limesimama peke yake kama mbuyu katikati ya mbuga. Swali letu kama kamati ya fedha ni hili: nani analipia miche?

Hapo ndipo tunakwenda Iten, Kenya, kwa Lornah Kiplagat.

Iten ni mji mdogo juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, mita 2,400 hivi kutoka usawa wa bahari. Wakimbiaji wa dunia nzima huenda kufanya mazoezi huko. Lornah alizaliwa mwaka 1974, akakulia kwenye nyanda hizo hizo, na alipoanza kukimbia kwa bidii alikuta kambi za mazoezi ambamo wavulana na wasichana wanakaa pamoja. Asubuhi wote wanakimbia. Wakirudi, wavulana wananyoosha miguu kitandani, na wasichana wanawasha moto, wanapika, wanafua, wanasafisha. Jioni wote wanakimbia tena. Siku ya mashindano ikifika watu wanashangaa kwa nini wavulana wanang'aa na wasichana wamechoka.

Yeyote aliyewahi kufanya mazoezi anajua kwamba mwili haujengwi wakati wa kukimbia. Unajengwa wakati wa kupumzika. Msichana aliyekimbia kilomita 20 kisha akasimama jikoni saa tatu hajapata zoezi lile lile alilopata kaka yake, hata kama walitoka pamoja na kurudi pamoja. Kwenye daftari la mahudhurio wako sawa. Kwenye mizania, mmoja anadaiwa.

Lornah alishinda marathoni ya Los Angeles mwaka 1997, akashinda tena mwaka 1998. Fedha za ushindi zikaingia. Mwaka 1999 yeye na mume wake, Pieter Langerhorst wa Uholanzi, wakaanzisha pale Iten kituo cha mazoezi kinachoitwa High Altitude Training Centre. Wazo lake lilikuwa jepesi mno kiasi kwamba mtu anajiuliza kwa nini halikufanywa mapema: mahali ambapo msichana anayekimbia hapikii mtu. Anakimbia, anakula chakula kilichopikwa na mpishi anayelipwa, analala, anakimbia tena.

Tuangalie uendeshaji wake, maana sisi wa hesabu ndipo macho yetu yanapokwenda. Kituo kinapokea wageni kutoka nje, wanariadha wa Ulaya na kwingineko wanaotaka hewa ya mwinuko, nao wanalipa. Malipo ya wageni yakasaidia kuwaweka wasichana wa Kenya ambao hawana cha kulipa. Hakusubiri mfadhili wa kumpigia simu. Alitengeneza kitu chenye mapato yake, akachukua sehemu ya mapato akaielekeza kwa wasichana. Vyama vingi vya maendeleo, chetu kikiwemo, vingekuwa na usingizi mzuri zaidi kama vingekuwa na kifungu kimoja tu cha namna hiyo. Hilo tutalizungumza kwenye mkutano wa kati ya mwaka, leo tusiliingize hapa.

Tena hakusubiri astaafu. Watu wengi husema, nikimaliza mambo yangu nitarudi nyumbani nisaidie. Lornah alifungua kituo mwaka 1999, na mataji yake makubwa ya dunia ya mbio za barabarani aliyapata baadaye, mwaka 2006, 2007 na 2008, akiwa tayari anakimbilia Uholanzi. Mwaka 2007, kule Udine, Italia, alikimbia nusu marathoni kwa saa 1, dakika 6 na sekunde 25, rekodi ya dunia kwa wakati ule. Baadaye akaongeza pale Iten chuo cha michezo na masomo, wasichana wasome na wakimbie. Wako watu humu ndani ambao ahadi yao ya mwaka wa juzi bado iko kwenye daftari letu wakisubiri mambo yakae sawa. Tunawakumbusha kwa upendo.

Sasa turudi Nzega.

Mwaka jana, likizo ya Desemba, vijana wetu walikuwa na mashindano ya mpira ambayo wengi wetu hapa tulichangia. Baada ya mashindano risiti ziliwekwa mezani, na zilikuwa safi, tunawapongeza waandaaji. Jezi. Mipira. Posho za waamuzi. Chaki ya uwanja. Mchele, mafuta, nyama, mkaa. Tukatafuta mstari mmoja unaowahusu wasichana. Haukuwepo. Lakini wasichana walikuwepo. Walikuwa upande wa mkaa na mchele.

Iten nzima iko ndani ya risiti hizo. Kabla ya mpira na viatu, binti wa Nzega amepungukiwa na saa. Kaka yake akitoka shule anatupa begi, anakwenda uwanjani. Yeye anachukua ndoo. Wakati wa masika yuko kwenye mpunga, wakati wa mavuno yuko kwenye karanga na pamba, na katikati ya hapo kuna mdogo wa kubeba mgongoni. Hatusemi kazi za nyumbani ni mbaya, sote tumelelewa nazo. Tunasema zimegawanywa kwa namna ambayo mtoto mmoja anabaki na jioni na mwingine habaki nayo.

Na asiye na saa yake mwenyewe, wengine humpangia maisha mapema. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba kati ya wanawake wa miaka 20 hadi 24 nchini, asilimia 37 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Shinyanga ilikuwa asilimia 59. Mkoa wetu wa Tabora ulifuata kwa asilimia 58. Zaidi ya nusu. Tunazisoma namba hizi polepole kwa makusudi, kwa sababu kwenye mikutano yetu tunapenda kuzungumzia barabara, na ni kweli Nzega ni njia panda: ya Tabora, ya Singida, ya Shinyanga na Mwanza. Lakini binti wa darasa la saba naye yuko njia panda, na kwake hakuna kibao.

Hatudai kwamba mpira wa pete unazuia ndoa. Tunachodai ni kidogo zaidi. Darasani binti ni mmoja kati ya sabini au themanini, akikosekana wiki nzima mwalimu anaweza asijue. Kwenye timu ya mpira wa pete wako saba. Akikosekana siku mbili, sita wanauliza yuko wapi, na mwalimu wa michezo anakwenda kwao kabla mambo hayajakamilika. Hiyo ndiyo faida tunayoinunua. Mzee wetu wa madawati, shikamoo, tunakujibu kwa heshima: kifungu cha madawati hakijaguswa hata shilingi moja, kiko juu kabisa ya jedwali. Lakini binti ambaye hayupo shuleni hahitaji dawati.

Kuhusu mila, tunamuomba kijana wetu akumbuke misafara. Wanyamwezi walijulikana kwa upagazi kutoka bara hadi Bagamoyo, safari ambayo reli ya leo kutoka Tabora hadi pwani inaipita kwa zaidi ya kilomita 800. Tunapenda kusimulia habari za wanaume waliobeba pembe. Wanawake nao walikuwa kwenye misafara hiyo, wakitembea mwendo ule ule, na vyungu, vyakula, mikeka, na wengine na mtoto mgongoni. Speke alipotoka Kaze mwaka 1858 kwenda kuliona ziwa, akipita nchi yetu, njiani alipokelewa na mtemi mwanamke. Kama mwanamke wa Unyamwezi aliweza kutembea hadi baharini na kurudi, mjukuu wake hawezi kuambiwa kwamba kukimbia uwanjani ni jambo la kigeni. Na hatujasikia mtu akilalamikia mila pale mabinti wanapofanya mazoezi ya viungo kwenye halaiki za sherehe za kitaifa, wakipanda mabegani wakatengeneza maumbo, mgeni rasmi akapiga makofi. Sherehe ikiisha kila mmoja anarudi kwenye ndoo yake.

Wala asiseme mtu kwamba hii ni kazi ya akina mama. Juma Ikangaa, aliyeshinda marathoni ya New York mwaka 1989, ndiye aliyesimama mbele kusukuma mashindano ya riadha ya wanawake peke yao yaliyoitwa Ladies First, yaliyofanyika Dar es Salaam Novemba 2017 kwa ushirikiano na shirika la Japani la JICA na Baraza la Michezo la Taifa. Na mwaka 2022 mabinti wa Serengeti Girls, chini ya kocha Bakari Shime, walikwenda Kombe la Dunia la wasichana wa chini ya miaka 17 kule India, wakaifunga Ufaransa 2–1, wakatoka sare na Kanada, wakafika robo fainali. Wasichana wale walitoka kwenye shule na mitaa ya kawaida ya nchi hii. Hakuna sababu ya kijiografia ya orodha ya namna hiyo kutokuwa na jina kutoka Puge, Ndala, Bukene au Itobo.

Sasa kifungu chenyewe. Tumechagua kuanza na mpira wa pete, na sababu ni ya kihasibu. Uwanja wa soka wa mita 105 kwa 68 ni mita za mraba 7,140. Uwanja wa mpira wa pete ni mita 30.5 kwa 15.25, yaani kama mita za mraba 465. Kwa eneo, uwanja mmoja wa soka ni sawa na viwanja kama kumi na tano vya mpira wa pete. Hauhitaji nyasi, unahitaji udongo ulioshindiliwa vizuri. Nguzo mbili za bomba, pete imefungwa mita 3.05 kutoka chini, fundi yeyote wa kuchomelea pale Nzega mjini anazitengeneza kwa siku moja. Mikuki na matufe yatafuata mwaka wa pili, shule zikionyesha kwamba vya kwanza vinatumika.

Fedha nyingi za kifungu hiki, hata hivyo, haziendi kwenye nguzo wala mipira. Zinakwenda kwenye saa. Kila shule itakayoingia inakubali kuweka mazoezi ndani ya ratiba, si baada yake, na kumaliza saa kumi kamili alasiri ili binti afike nyumbani jua likiwa juu. Mama uliyeuliza, jibu lako ni hilo, nasi tumeliweka kwa maandishi kwenye fomu ambayo mwalimu mkuu na mwenyekiti wa kamati ya shule watatia saini. Shule itapata tanki la maji, ili binti asiondolewe mazoezini kwenda kuchota maji ya shule, jambo ambalo kila mmoja hapa analijua. Kutakuwa na uji. Kutakuwa na chumba chenye mlango unaofungwa na taulo za kike. Kwa taulo hizo tunanunua kwa jumla na kupeleka wenyewe, kwa sababu mnakumbuka mwaka 2018 serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike, bei madukani ikakataa kushuka, na mwaka uliofuata kodi ikarudishwa. Tangu hapo tumejifunza kutotegemea huruma ya duka.

Na kutakuwa na posho ndogo kwa mwalimu wa kike anayesimamia timu. Hili ndilo lililobishaniwa zaidi kuliko mipira, nasi tunalisimamia. Mwalimu huyo naye ana ndoo yake na watoto wake nyumbani. Tukitaka atoe saa zake kwa binti zetu, tuzilipie, tusimwambie kwamba ni wito.

Tutaanza na shule tano. Zilitamani kuingia nyingi zaidi, lakini tunapenda kuanza na idadi ambayo tunaweza kuitembelea yote ndani ya siku mbili, kwa pikipiki, bila kutoa taarifa. Fedha zitatoka kwa saini mbili, malipo ya mafundi yatapitia benki au simu ili yaache alama, na kila muhula mwalimu atatuma nakala ya daftari la mahudhurio la timu. Daftari hilo ndilo tutakalolisoma mbele yenu mwakani, kabla ya kusoma risiti: majina mangapi yalikuwepo Januari na mangapi yalikuwepo Novemba. Jina likipotea katikati, tutauliza limekwenda wapi.

Mchanganuo wote, shule kwa shule, uko kwenye jedwali la kurasa za nyuma za kijarida hiki. Anayetaka kubeba kitu kimoja kizima, kama tanki au jozi ya nguzo, aandike hivyo kwenye fomu na kitabaki kwenye hesabu kwa jina hilo. Wanaochangia kwa vikundi, wa darasa moja au wa kijiji kimoja, wachague mtu mmoja wa kutia saini ili tusisumbuane. Fomu za ahadi ziko kwa mweka hazina, meza ya kulia ya mlango. Wenye fedha taslimu, risiti inaandikwa papo hapo, na tafadhali msiondoke bila nakala yenu ya njano.